Hasira za uwanjani huanzia miguuni

Ndugu Mhariri,

Kila zinaporushwa ngumi kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kurasa za michezo hapa nchini huandika hukumu ile ile: vijana hawana nidhamu, pesa zimewapanda kichwani. Hukumu hiyo huhamia vijiweni Mwanga na Ujiji, kisha huingia mazoezini, ambako kocha wa timu ya mtaa humfokea kijana wa miaka 17 kwa maneno yale yale. Tunaomba nafasi kidogo tuipinge. Sisi ni makocha na waamuzi wa mpira wa kikapu mkoani Kigoma. Tunavyoona, hasira za timu inayojengwa upya ni kazi ambayo haijafundishwa, na nyingi huanzia miguuni muda mrefu kabla hazijafika mdomoni.

Detroit Pistons, timu ya NBA, wanafaa kwa mfano kwa sababu mambo yao yote yako hadharani. Msimu wa 2023/24 walishinda mechi mbili kati ya tatu za mwanzo, halafu wakapoteza 28 mfululizo. Kipigo cha 28 walikipata Desemba 28 ugenini kwa Boston Celtics, 128–122 baada ya muda wa nyongeza. Siku mbili baadaye wakaifunga Toronto Raptors 129–127 na kupumua. Walimaliza na ushindi 14 na vipigo 68. Kocha Monty Williams, aliyeingia kwa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78.5, aliondolewa baada ya msimu huo mmoja. Katikati ya yote hayo, Februari 14, 2024 mjini Phoenix, Isaiah Stewart wa Pistons alimpiga ngumi Drew Eubanks wa Suns kabla hata mechi haijaanza, akafungiwa mechi 3.

Wengi hufunga mjadala hapo: wanafungwa, ndiyo maana wanapigana. Lakini msimu uliofuata Pistons hao hao walishinda 44 na kupoteza 38, na Machi 30, 2025 mjini Minneapolis wakaingia kwenye vurugu kubwa kuliko ile ya kwanza. Chanzo kilikuwa faulo ya Ron Holland wa Pistons, kijana wa miaka 19, kwa Naz Reid wa Minnesota Timberwolves aliyekuwa anaelekea kwenye ringi. Maneno yakafuata, Donte DiVincenzo wa Minnesota akaingia kati, kundi zima likaporomokea kwenye viti vya watazamaji. Waliotolewa walikuwa 7, akiwemo kocha J.B. Bickerstaff wa Detroit na kocha msaidizi mmoja wa Minnesota. Stewart alifungiwa mechi 2. Holland, Marcus Sasser, Reid na DiVincenzo mechi moja kila mmoja. Ugomvi ulizuka robo ya pili, Pistons wakiwa mbele. Walifungwa 123–104. Basi vipigo peke yake havielezi kitu.

Kwanza tueleze kwa ufupi timu ya namna hii inavyoundwa, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini inachemka upesi. Timu mbovu za NBA hupewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya kwenye drafti. Sisi Watanzania tunalijua hili kupitia Hasheem Thabeet: Memphis Grizzlies walimchukua wa pili mwaka 2009 kwa sababu msimu uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 24 tu kati ya 82. Lakini nafasi hiyo hupatikana kwa bahati nasibu. Tangu 2019, timu tatu za mwisho kila moja ina asilimia 14 tu ya kupata chaguo la kwanza. Pistons walishika mkia mwaka 2023 na tena 2024, na mara zote mbili wakaangukia chaguo la tano. Umefungwa mwaka mzima, na tuzo yenyewe haiji.

Halafu kuna mkate. Kijana wa timu hiyo anacheza huku akijua kwamba mwezi wa Februari dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa na huenda akajikuta mji mwingine. Kila ribaundi (mpira unaorudi kutoka kwenye ringi) anayonyang'anywa ni tarakimu inayopungua kwenye mkataba wake ujao. Na wale watu wazima ambao wangemshika bega ndio wanaouzwa kwanza: Februari 2024 Pistons waliwapeleka Bojan Bogdanović na Alec Burks New York Knicks. Majira ya joto ya mwaka huo wakaleta wakongwe wengine, Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr., na ushindi ukaruka kutoka 14 hadi 44. Hatusemi ni wazee hao peke yao walioleta mageuzi. Kocha naye alikuwa mpya, na nyota wao kijana Cade Cunningham alikuwa amekomaa. Ila timu isiyo na mtu wa kumwambia kijana "kaa, nyamaza" hulipa.

Sasa miguu. Mlinzi yuko chini ya ringi, mpira umepigwa pembeni kwa mrushaji aliye nje ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka katikati ya ringi. Anatakiwa akimbie kwa nguvu zote theluthi mbili za njia, na theluthi ya mwisho abadilishe: hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, nyonga chini, mkono mmoja juu, asimame umbali wa urefu wa mkono. Kijana asiyefundishwa hukimbia njia nzima akiwa amenyooka kama mlingoti. Mrushaji akijifanya anarusha, mlinzi anapitiliza, anageuka, anamkuta mrushaji ameshampita. Miguu imeachwa. Kilichobaki ni mkono, nao unatoka nyuma na kufika umechelewa: unapiga kiwiko, au unavuta bukta, au unamsukuma kiunoni mtu aliye hewani. Aliyepigwa haoni kuchelewa, anaona amekusudiwa. Anageuka na kifua mbele. Hapo ndipo kamera za televisheni zinapoanza kazi, na mwandishi wa habari anaandika "nidhamu".

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, ambazo ndizo tunazotumia sisi, mguso wa kutoka nyuma au ubavuni kwa mtu anayekwenda kufunga bila mlinzi yeyote mbele yake huitwa faulo isiyo ya kiuanamichezo, hata kama mlinzi aliapa kwamba alifuata mpira. Kocha anayebishana na mwamuzi juu ya nia ya kijana wake anapoteza muda. Amrudishe kwenye zoezi: jozi sita, mita sita, kila mmoja mara kumi upande wa kulia na mara kumi wa kushoto, bila mpira kwanza. Mwenye kupitiliza mstari anarudia. Ni zoezi la kuchosha na hakuna mtoto anayelipenda.

Chanzo cha pili ni kuzuiana kwenye ribaundi. Mtu anayesukumwa mgongoni mara nne bila filimbi, mara ya tano huzungusha kiwiko, na mwamuzi huona kiwiko tu. Kuzungusha viwiko kwa fujo, hata bila kumgusa mtu, kunaweza kukupa faulo ya kiufundi, yaani ya tabia. Dawa si kumwambia kijana avumilie. Afundishwe kumtafuta mpinzani kwa kigasha cha mkono mara mpira unaporushwa, ageuke, akae chini kama anayetafuta kigoda hadi makalio yake yaguse mapaja ya mwenzake, mikono juu, viwiko vimekunjwa ndani ya nafasi yake. Aliyekaa hivyo hasukumiki ovyo, kwa hiyo hakasiriki ovyo. Kosa tunaloliona kila wiki ni kijana kugeukia ringi akitazama mpira ukipaa na kusahau mtu nyuma yake. Akirukiwa mgongoni, anadhani ameonewa.

Cha tatu ni uchovu, na hapa makocha wenzetu tunawalaumu bila kuwaficha. Una wachezaji 12 kwenye karatasi, unawachezesha 6, halafu robo ya nne unashangaa wanatukana. Dalili huonekana mapema. Mikono inashika bukta mpira unaposimama. Mlinzi anasimama wima. Yule ambaye hakuwahi kusema na mwamuzi anaanza kuuliza "refa, hiyo vipi?" Hayo matatu yakionekana kwa mchezaji mmoja, mtoe, dakika mbili tu, apewe maji, asihubiriwe. Kwa vijana, dakika 6 mfululizo zinatosha kwenye jua letu.

Kuna jambo ambalo vijana wanaoamka saa tisa usiku kutazama NBA hawalijui, na ndilo linalowaponza. Kwenye NBA faulo ya kiufundi haihesabiwi katika faulo 6 zinazomtoa mchezaji nje wala katika faulo za timu. Adui anapata mtupo huru mmoja (kurusha bila kuzuiwa), na mchezaji anakatwa pesa: dola 2,000 kwa kila moja kati ya tano za mwanzo, kisha kiwango hupanda, na akifikisha 16 ndani ya msimu anakosa mechi moja. Ndiyo maana unamwona nyota anarusha mikono, analalamika dakika nzima, anaendelea kucheza. Ameshalipia. Kwa FIBA hakuna pesa unayokatwa pale pale. Unakatwa kwenye mchezo wenyewe. Faulo hiyo inaingia katika 5 zako na katika hesabu ya timu kwa robo hiyo. Mbili za kiufundi, au mbili zisizo za kiuanamichezo, au moja ya kila aina, unatoka nje. Kijana wa Kigoma anayeiga mikono ya nyota wa Marekani anaiga anasa asiyoweza kuigharamia.

Tupige hesabu. Tuseme timu pinzani inafunga mitupo huru 6 kati ya 10. Faulo isiyo ya kiuanamichezo inawapa mitupo 2, wastani wa pointi 1.2, kisha wanarudishiwa mpira mbele, upande wako. Kama kila wanapoushika mpira wanapata wastani wa pointi 0.7, umewapa pointi karibu 2 kwa hasira ya sekunde moja. Ya kiufundi ni mtupo 1, yaani pointi 0.6, lakini maumivu yake yamo kwingine: kama ni faulo ya nne ya timu kwenye robo, kuanzia ya tano kila mguso wa ulinzi ni mitupo 2. Na kijana aliyekuwa na faulo 3 sasa ana 4, kocha anamkalisha, mwenzake mfupi anaingia kumlinda mrefu. Kwenye mechi za mkoa zinazoisha kwa tofauti ya vikapu viwili, hesabu hiyo yote inatosha.

Zoezi tunalopendekeza kwa kila timu changa ni la filimbi mbovu. Mara mbili kwa wiki, mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, chezesha watano kwa watano kwa dakika 8. Kocha ndiye mwamuzi na anakosea makusudi: anapiga faulo isiyokuwepo, anaacha iliyokuwepo, anatoa mpira kwa upande usiostahili. Kila filimbi, mwenye mpira anaukabidhi kwa mwamuzi au anauweka chini, na wote wanakuwa kwenye nafasi zao ndani ya sekunde 3. Anayenyanyua mikono, anayesonya, anayeutupa mpira, timu yake inatoa mtupo 1 na mpira. Wiki ya kwanza matokeo yatakuwa aibu tupu. Ikifika ya nne, vijana wenyewe wanaanza kukumbushana. Onyo: usilifanye mwanzoni mwa mazoezi wakiwa na nguvu, halifundishi chochote, na usilifanye siku moja kabla ya mechi.

Pia kila mchezaji awe na mtu wake. Kabla ya msimu kuanza, kocha apange jozi: fulani akichemka, fulani ndiye anayemfuata, si watu wanne kwa pamoja. Anayemfuata asimame mbele yake, kati yake na mpinzani, uso kwa uso, amsukume kifuani kurudi nyuma kuelekea benchi. Wengi humkumbatia kutoka nyuma. Hilo ni kosa: umemfunga mikono huku uso wake uko wazi kwa mpinzani, na akijiona amefungwa anapandwa zaidi. Wa kuzungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Kanuni ndivyo zinavyosema, lakini kwenye viwanja vyetu wanamzunguka mwamuzi wote watano na mwenye maji juu.

Benchi nalo. Ugomvi ukizuka, mchezaji wa akiba akivuka mstari wa eneo la benchi anatolewa, hata kama alikwenda kuamua. Wanaoruhusiwa kuingia kusaidia waamuzi ni kocha na msaidizi wake wa kwanza. Kwa hiyo kazi igawanywe mapema: mmoja anaingia, mwingine anabaki kwenye mstari amenyoosha mikono kuzuia walioketi. Ule usiku wa Novemba 19, 2004 huko Auburn Hills, Indiana Pacers walikuwa wanaongoza Pistons 97–82 na zimebaki sekunde 45.9. Mechi ilikuwa kama imekwisha, lakini wachezaji wakubwa wa pande zote walikuwa bado uwanjani. Ben Wallace alimsukuma Ron Artest baada ya faulo, Artest akaenda kulala juu ya meza ya waamuzi, na akaachwa hapo badala ya kupelekwa kwenye benchi lake. Kikombe cha kinywaji kikarushwa kutoka jukwaani, naye akapanda kwa watazamaji. Wachezaji 9 walifungiwa jumla ya mechi 146. Artest peke yake alikosa 86 ukihesabu na za mtoano. Na Pistons wa mwaka huo walikuwa mabingwa, wala hawakuwa timu inayojengwa upya. Kama umeongoza au umeongozwa pointi 15 na imebaki dakika moja, watoe wakubwa. Hakuna wanachotafuta tena mle.

Tukirudi hapa kwetu, timu zetu hujengwa upya kila mwaka zitake zisitake. Wanamaliza kidato cha nne au cha sita, wanatawanyika vyuoni na Dar es Salaam, unaanza na wapya. Kwa hiyo haya si ya Wamarekani peke yao. Lakini tunayo na ya kwetu ambayo hakuna kocha wa NBA anayeyajua.

Moja ni jua. Kigoma jua huzama kwa kuchelewa kuliko Dar es Salaam, na jioni linakuwa chini juu ya ziwa. Uwanja uliojengwa kwa kulala mashariki na magharibi unampa mrushaji mmoja jua la macho kwa robo mbili nzima, na kwa kuwa timu hubadilishana magoli mapumzikoni, anayepata jua baya zaidi ni wa kipindi cha pili, wakati mechi ni ya kufa na kupona. Anakosa, analalamika, anabezwa. Waandaaji wa ligi, mechi ya kwanza ianze saa tisa alasiri kweli, isisubiri mwamuzi aliyechelewa. Viwanja vipya vilale kaskazini na kusini.

Nyingine ni sekunde 24 ambazo timu hupewa kurusha mpira. Pasipo saa ya kuonekana, mtu wa mezani huhesabu kwa simu na kushtukiza watu kwa filimbi. Timu haikujua imebakiwa na ngapi, inaona imeibiwa. Mtu huyo apaze sauti zikibaki 10, tena zikibaki 5, kwa timu zote mbili sawasawa. Haigharimu hata senti. Na nahodha akiona timu yake imeonewa kikanuni, asibaki kupiga kelele: amjulishe mwamuzi mkuu na kusaini sehemu ya malalamiko kwenye karatasi ya alama ndani ya dakika 15 baada ya mechi. Baada ya hapo rufaa haina miguu.

Ya mwisho ni nyavu. Ringi tupu ya chuma, mpira ukipita kwa kasi, wa upande mmoja anaapa umeingia, wa upande mwingine anaapa umepita nje, na mwamuzi aliyesimama nyuma ya kundi hakuona. Tumeshuhudia mechi nyingi mno zikiharibika kwa jambo hilo. Wavu wa kikapu una vitanzi 12 na urefu wa sentimita 40 hadi 45. Mafundi wa nyavu wa Kibirizi na Katonga wanaweza kuusuka jioni moja wakipewa vipimo hivyo na kipenyo cha ringi, sentimita 45. Waambiwe uzi uwe mweupe na mnene, na tundu la chini liwe jembamba kiasi cha kuuchelewesha mpira kidogo tu. Likibana sana mpira hunasa, mtu hurukia ringi kuutoa, na ubishi mwingine unaanza.

Wako,
Makocha na waamuzi wa mpira wa kikapu,
Kigoma